Magari ya misuli ya Marekani hayakuuawa na mafuta

Muulize mpenzi yeyote wa magari nini kiliyaua magari ya misuli ya Marekani, yale ya kawaida yaliyowekewa injini kubwa, atakujibu kabla hujamaliza swali: mafuta. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zikafunga bomba, foleni zikajaa kwenye vituo vya petroli nchi nzima, na yale madude ya V8, injini ya silinda nane, yaliyokuwa yakinywa petroli bila haya yakakosa wa kuyanunua. Ni hadithi fupi, tamu, na ina mkosaji mmoja. Shida yake ni tarehe.

Vikwazo vya mafuta vilitangazwa Oktoba 17, 1973. Sasa angalia sokoni kulikuwa na nini siku hiyo. Hemi, injini maarufu kuliko zote za Chrysler, ilikuwa imeachwa baada ya modeli za 1971. Chevrolet Chevelle SS yenye injini ya LS6, iliyotangazwa kuwa na nguvu ya farasi 450, ilidumu mwaka mmoja tu, 1970. Pontiac GTO, ambayo wengi wanaihesabu kuwa ndiyo iliyoanzisha mchezo wote, iliuzwa 96,946 mwaka 1966. Mwaka 1972 hazikufika hata 6,000. Na Ford ilikuwa imeshaitoa Mustang II, Mustang iliyopunguzwa mwili na kunyimwa V8 kabisa kwa wateja wa Marekani, Septemba 1973, mwezi mmoja kabla ya vikwazo. Gari jipya huchukua miaka kuchorwa, kujaribiwa na kuandaliwa kiwanda. Mafuta yalifika msibani, wala hayakuwa muuaji.

Kwa maoni yangu mhusika mkuu wa habari hii ni karatasi: fomu za kuagizia magari, vitabu vya kanuni za mashindano, majedwali ya kampuni za bima, sheria ya hewa. Magari haya yalipenya kwenye mwanya wa kanuni ndipo yakazaliwa, na kanuni ndizo zilizoyamaliza. Ukiifuata karatasi, mengi yanayochanganya watu yanafunguka, pamoja na lile swali la kwa nini farasi wa 1970 na farasi wa 1972 hawahesabiki pamoja.

Magari matatu, jina moja

Siku hizi kila gari la zamani la Kimarekani lenye ngurumo linaitwa la misuli. Wenyewe wakati ule walitofautisha.

Gari la spoti ni la viti viwili, limechorwa tangu mwanzo kwa ajili ya kukimbia na kukata kona. Marekani ilipata la kwake la maana mwaka 1953, Chevrolet Corvette ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye hoteli ya Waldorf-Astoria, New York. Mwaka ule ziliundwa 300 tu, zote nyeupe, bodi ya faibaglasi, na chini ya boneti kulikuwa na silinda sita za farasi 150. Uzuri ilikuwa nao, mbio haikuwa nazo. Ilipata V8 mwaka 1955, na mhandisi Zora Arkus-Duntov, mtoto wa wazazi Warusi aliyezaliwa Brussels, akaing'ang'ania miaka na miaka mpaka ikawa gari la mashindano la kweli.

Gari la misuli ni kitu kingine kabisa. Chukua gari la kawaida la familia la ukubwa wa kati, lenye nafasi ya watu watano na buti la mizigo. Toa injini yake. Weka V8 iliyokusudiwa gari kubwa zaidi. Breki na kona usizihangaikie sana. Liuze kwa bei ambayo kijana wa kiwandani anaweza kukopea. Kinachotafutwa hapo ni robo maili iliyonyooka, mita 402, kutoka taa za barabarani hizi hadi zile. Detroit, usiku wa wikendi, barabara ya Woodward Avenue ndiyo ilikuwa uwanja wenyewe, na wahandisi wa kampuni za magari walikuwa wakijipenyeza humo na magari yao kuona nani anaacha nani.

Kundi la tatu ni yale madogo yenye boneti ndefu na mkia mfupi, ambayo Wamarekani waliyabandika jina la farasi wadogo kwa sababu ya Mustang. Ford iliizindua Aprili 17, 1964 kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, bei ikianzia dola 2,368. Siku ya kwanza ziliagizwa zaidi ya 22,000, na kabla ya miaka miwili kwisha ilikuwa imeshauzwa milioni moja. Lee Iacocca, aliyeupigania mradi huo ndani ya Ford, hakuwa na fedha za kuunda gari jipya kuanzia chini, kwa hiyo Mustang ilijengwa juu ya vipuri vya Falcon, gari la bei nafuu la watu wasio na makuu. Injini ya kuanzia ilikuwa ya silinda sita, farasi 101. Hapo hapana msuli wowote. Aliyetaka msuli alilipia zaidi. Plymouth Barracuda, kwa taarifa tu, iliitangulia Mustang kwa zaidi ya wiki mbili.

Mchanganyiko unatokea kwa sababu mipaka hiyo ilivukwa kila mwaka. Mustang na Camaro zilipopewa injini za lita saba, nani angesema hazina misuli? Lakini ukibaki na kipimo cha asili, yaani injini ya gari kubwa ndani ya gari la wastani kwa bei ya mtu wa wastani, utaona kwamba lililoleta mapinduzi lilikuwa ni ujanja wa kibiashara. Ufundi wenyewe ulikuwepo zamani.

Maana ulikuwepo kweli. Mwaka 1949 Oldsmobile ilichukua V8 yake mpya ya karibu cc 5,000 ikaiweka kwenye bodi yake nyepesi, ikapata modeli ya 88. Bingwa wa kwanza wa NASCAR, chama cha mashindano ya magari cha Marekani, alikuwa Red Byron, naye alichukua taji la mwaka huo akiwa kwenye Oldsmobile. Mwaka 1955 Chrysler ilitoa gari la farasi 300, na mwaka huohuo Chevrolet ikatoa V8 ndogo, nyepesi na rahisi kuunda, iliyobuniwa chini ya mhandisi wake mkuu Ed Cole. Jina hilo liweke akilini.

Mstari mmoja kwenye fomu

Juni 1957 watengenezaji wa Marekani walikubaliana kupitia chama chao kuacha kufadhili mashindano na kuacha kutangaza mwendokasi. Walivunja ahadi hiyo kimyakimya, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa kona ya jicho. Januari 1963 uongozi wa General Motors ukakaza kamba kwa kampuni zake zote: mashindano basi. Tena palikuwa na kanuni nyingine ya ndani: gari la ukubwa wa kati lisiwekwe injini inayozidi inchi za ujazo 330, yaani kama cc 5,400.

Pigo kubwa liliiangukia Pontiac, mojawapo ya kampuni hizo. Kampuni hiyo ilikuwa imejijengea jina kwa vijana kupitia mashindano, na sasa haikuwa na cha kuwaambia. Mhandisi mkuu wake alikuwa John DeLorean. Chini yake walikuwepo Bill Collins, aliyeshughulikia chesisi, na Russ Gee, mtu wa injini. Walichokiona ni kitu ambacho fundi yeyote wa gereji angekiona: V8 ya inchi 326 iliyokuwa ikiwekwa kwenye Tempest, gari lao la ukubwa wa kati, na V8 ya inchi 389 ya Pontiac kubwa zina umbo lilelile kwa nje. Moja ikitoka, nyingine inakaa mahali palepale, bila kukata wala kuchomelea chochote.

Kiufundi, basi, hapakuwa na kazi. Kazi ilikuwa kwenye kanuni, nako kulikuwa na mwanya. Modeli mpya ilibidi ipelekwe kwa kamati ya wahandisi ya General Motors ikaguliwe. Vifaa vya ziada ambavyo mteja anaweza kuongezewa kwenye modeli iliyopo havikuhitaji kupelekwa. Kwa hiyo GTO haikuzaliwa kama gari. Ilizaliwa kama mstari mmoja kwenye fomu ya kuagizia Tempest LeMans ya 1964. Mteja analipia dola zipatazo 296 juu ya bei ya gari, anapewa injini ya cc 6,400 yenye farasi 325, gia ya sakafuni ya Hurst, ekzosi mbili, springi ngumu zaidi, beji, na matundu mawili ya kuvutia hewa juu ya boneti. Matundu hayo yalikuwa yamezibwa. Hayakupitisha hata upepo. Breki nazo zilibaki za dram magurudumu yote manne, kwenye gari la tani moja na nusu na ushee. Aliyetaka zaidi aliongeza pesa kidogo akapata kabureta tatu na farasi 348.

Pete Estes, mkuu wa Pontiac, aliiruhusu akijua fika kwamba anacheza na kazi yake. Mkuu wa mauzo, Frank Bridge, hakuamini kwamba zingenunuliwa hata 5,000. Mwaka wa kwanza zilinunuliwa 32,450. Wakubwa wa General Motors waliposhtuka, oda zilikuwa zimerundikana, na hakuna mkubwa wa kampuni anayefuta kitu kinacholeta fedha za namna hiyo. Miaka miwili baadaye GTO ikapandishwa cheo kuwa modeli kamili.

Jina lenyewe liliazimwa kwa Ferrari bila kuomba, na wenye mapenzi na Ferrari walinuna sana. Jarida la Car and Driver lilizilinganisha GTO hizo mbili kwenye toleo la Machi 1964 na kuimwagia sifa ile ya Pontiac. Miaka mingi baadaye Jim Wangers, mtu wa matangazo aliyeipeleka Pontiac kwenye majaribio, alikiri kwamba gari lile lilikuwa na injini ya inchi 421 iliyofichwa chini ya jina la 389. Kwa hiyo hata umaarufu wa kwanza wa gari hili ulianza na namba ya uongo. Haukuwa uongo wa mwisho.

Kila mtu na lake

Sababu ya kampuni zote kuvamia soko hili ilikuwa umri wa wateja. Kizazi kilichozaliwa baada ya vita kuanzia 1946 kilikuwa kinafikisha miaka 18 mwaka 1964, ajira zilikuwepo, na galoni ya petroli ilikuwa kama senti 30. Oldsmobile, Buick, Chevrolet, Dodge, Plymouth, Ford, hata AMC ndogo, wote wakaingia.

Chrysler, wenye Dodge na Plymouth, waliingia na Hemi. Chumba cha kuchomea mafuta kwenye injini hii kina umbo la nusu tufe, kwa hiyo valvu zinaweza kuwa kubwa na kuelekeana kwa mteremko, na plagi inakaa karibu na katikati: hewa inaingia kwa wingi na inatoka upesi. Februari 1964, kwenye mbio za Daytona 500, Richard Petty alishinda nayo na Plymouth zikashika nafasi tatu za kwanza. NASCAR ikasema injini hiyo haimo kwenye magari ya raia, ikaipiga marufuku kwa msimu wa 1965. Chrysler wakasusa, kisha wakafanya lililobaki: modeli za 1966 wakaiuza kwa raia. Ndiyo maana mtu wa kawaida aliweza kuingia dukani Ohio na kutoka na injini ya cc 7,000 iliyobuniwa kwa ajili ya mashindano. Kitabu cha kanuni ndicho kilichomletea.

Mchezo huohuo ulizaa magari ya ajabu zaidi. Dodge Charger Daytona ya 1969 ina pua ndefu iliyochongoka na bawa la nyuma lililosimama juu kupita paa. Kanuni ya NASCAR ilitaka angalau 500 ziuzwe kwa raia. Machi 24, 1970 Buddy Baker alivuka maili 200 kwa saa nayo kwenye uwanja wa Talladega, zaidi ya kilomita 320. Dada yake, Plymouth Superbird, iliganda madukani kwa sababu watu waliiona kituko. Wapo mawakala waliong'oa bawa na pua ili wapate mteja. Leo mwenye nayo hauzi kwa bei ndogo.

Ninaloliheshimu zaidi, hata hivyo, ni Plymouth Road Runner ya 1968. Wakati GTO imeanza kupanda bei na kuvaa mapambo, Plymouth walivua kila kitu: zulia hakuna, kiti cha mbele ni benchi moja ndefu, lakini injini ni cc 6,300 ya farasi 335, chini ya dola 3,000. Walilipa Warner Bros. dola 50,000 kwa haki ya kutumia yule ndege wa katuni mwenye jina hilo, na honi ikatengenezwa ilie kama yeye. Ziliuzwa karibu 45,000 mwaka wa kwanza. Hapo ndipo wazo la asili la gari la misuli lilipotimia kuliko mahali pengine popote.

General Motors nao walikuwa na kanuni yao mpya: lisiwepo gari la kati au dogo lenye injini ya zaidi ya inchi 400, Corvette pekee ikisamehewa. Wajanja walikwishaona pa kupitia. Kulikuwa na utaratibu wa oda maalumu za ofisi kuu, ulioitwa COPO, wa kuhudumia wateja kama wenye teksi na polisi wanaotaka magari mengi yenye vifaa tofauti kidogo. Don Yenko, muuzaji wa magari wa Canonsburg, Pennsylvania, akautumia kuagizia Camaro za 1969 zenye injini za inchi 427. Fred Gibb, muuzaji wa mji mdogo wa La Harpe, Illinois, aliagiza 50 zenye injini ya 427 ya aluminiamu iitwayo ZL1. Zilipofika, bei ya kila moja ilipita dola 7,000, zaidi ya maradufu ya Camaro ya kawaida, na hakuweza kuziuza zote. Jumla ziliundwa 69. Karani wa fomu za teksi huenda hakujua alichokuwa anakigonga mhuri.

Huku kwetu misuli ya V8 ilionja vumbi mwaka 1964, Mercury, tawi la Ford, walipoleta kundi la Comet kwenye mbio za East African Safari. Nyingi ziliishia njiani, na ushindi ukaenda kwa Peter Hughes na Billy Young waliokuwa kwenye Ford Cortina GT ya silinda nne. Barabara za matope na mawe hazina robo maili iliyonyooka.

Farasi wa benchi na farasi wa barabarani

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Wanafungua jedwali, wanaona Corvette yenye injini ya LT-1, ya cc 5,700, ina farasi 370 mwaka 1970 na 255 mwaka 1972, wanasema: tazama, injini ilihasiwa. Nusu ni kweli.

Mpaka mwaka 1971 kampuni za Marekani zilitangaza nguvu ya injini iliyopimwa ikiwa peke yake juu ya benchi. Haizungushi feni, haichajishi betri, kisafisha hewa kimeondolewa, na ekzosi ni bomba wazi. Injini ya namna hiyo haipo barabarani popote. Kuanzia modeli za 1972 zikahamia kipimo kingine, injini ikiwa imevaa kila kitu kama ilivyo ndani ya gari. Mwaka 1971 General Motors walichapisha namba zote mbili, na huo ndio ufunguo wetu. LT-1 ya 1971 ina farasi 330 kwa kipimo cha zamani na 275 kwa kipimo kipya. Injini moja, gari moja.

Sasa piga hesabu. Kati ya farasi 115 waliopotea toka 1970 hadi 1972, 40 walikwenda kwa mabadiliko ya kweli ya injini, 55 walipotea kwenye karatasi tu, na 20 wa mwisho wakaondoka na modeli ya 1972. Karibu nusu ya anguko lote halikumpunguzia dereva chochote.

Ukiwa na hilo mkononi unaweza pia kuweka sawa majigambo ya vijiweni. Toyota Camry ya V6 ya 2018 ina farasi 301 kwa kipimo cha sasa. Ikisimama kwenye robo maili pembeni ya GTO ya kawaida ya 1964 yenye farasi 325 wa benchi, mimi shilingi yangu naiweka kwa Camry.

Upande wa pili, zipo namba zilizopunguzwa makusudi. Ford Mustang ya 428 Cobra Jet ilitangazwa na farasi 335, Camaro Z/28 na 290, na wote waliozipima baadaye walikuta zaidi. Chevrolet walitangaza 430 kwa injini ya L88 ya Corvette iliyokuwa inavuka 500. Kwenye mashindano ya robo maili, magari yalipangwa madaraja kwa uzito dhidi ya farasi waliotangazwa, kwa hiyo aliyetangaza wachache alishindana na wanyonge. Sababu nyingine ilikuwa bima.

Bima, risasi na hewa

Kijana wa miaka 20 alikopa gari benki, na benki haitoi mkopo bila bima. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni za bima zilikuwa zimekwishaona takwimu zao: wavulana wa chini ya miaka 25, injini kubwa, breki ndogo, ajali. Zikaanza kupiga hesabu ya uzito wa gari kugawanya kwa farasi wake, na gari lililopita kiwango likatozwa nyongeza kubwa. Wapo vijana ambao malipo yao ya bima yalifikia au kupita rejesho la mwezi la gari lenyewe. Hapo hata petroli ingekuwa bure isingesaidia.

Kampuni zikajaribu kukwepa. Mwaka 1970 Plymouth walitoa Duster 340, gari dogo lenye injini ya cc 5,600 na farasi 275 waliotangazwa, ambalo kwenye jedwali la bima lilipita kama la mtu mtulivu. Liliuzwa vizuri. Lakini wale wakubwa, wenye majina makubwa, mauzo yao yalianza kuporomoka mwaka huohuo, ambao ndio mwaka zilipotoka injini kubwa kuliko zote, Buick, Oldsmobile na Pontiac wakiwa na cc 7,500. Kilele na mteremko vilikutana.

Kisha ikaja hewa. Los Angeles ilikuwa imeishi na moshi wa magari kwa miaka, macho yakiwasha watu mchana kweupe. Desemba 31, 1970 Rais Richard Nixon alisaini Sheria ya Hewa Safi iliyotaka monoksidi ya kaboni na mabaki ya petroli isiyoungua kutoka kwenye magari yapunguzwe kwa asilimia 90 kufikia modeli za 1975. Njia ambayo kampuni kubwa za Marekani zilitegemea kufika huko ilikuwa moja: kichujio kwenye ekzosi, chenye masega ndani yaliyopakwa platinamu, kinachobadili gesi hizo kabla hazijatoka.

Kichujio hicho kina adui mmoja, risasi. Petroli ya Marekani ilitiwa madini ya risasi tangu miaka ya 1920, uvumbuzi wa maabara za General Motors wenyewe, ili isijilipukie kabla ya wakati ndani ya silinda. Risasi ikipita kwenye masega inayafunika, na kichujio kinakufa. Lazima iondoke. Ikiondoka, okteni, yaani uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kujilipukia, inashuka. Okteni ikishuka, injini zenye kompresheni ya juu, zinazokandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli mara 11, zinaanza kugonga na kujipasua pistoni. Basi kompresheni nayo ishuke. Hao ndio wale farasi 40 wa LT-1: toka 11 kwa 1 mwaka 1970 hadi 9 kwa 1 mwaka 1971.

Aliyeisukuma General Motors ifanye hivyo mapema, miaka minne kabla ya vichujio kuwa vya lazima, alikuwa rais wa kampuni, naye ni yuleyule Ed Cole aliyeipa Chevrolet V8 yake ya 1955. Wapenzi wa misuli hawamtaji kwa hili. Mimi naona alikuwa sahihi. Risasi ni sumu ya ubongo wa mtoto, na nchi za Kusini mwa Sahara tuliagana nayo mwishoni mwa 2005 tu, miaka kumi baada ya Marekani kuipiga marufuku kabisa kwenye magari ya barabarani.

Sasa ndipo mafuta yanapoingia: Oktoba 1973, pipa likapanda toka kama dola 3 hadi karibu dola 12 kufikia Januari 1974, na mwendo wa barabara kuu ukawekewa ukomo wa maili 55, yaani kilomita 88 kwa saa. Dodge Challenger na Plymouth Barracuda, ambazo zilikuwa mahututi tayari, zikafutwa 1974. Corvette ya kawaida ya 1975 ilikuwa na farasi 165.

Ushahidi wa mwisho wa kuyaondolea mafuta kesi ya mauaji unatoka kwa Pontiac hiyohiyo. Mwaka 1979 Iran ilikuwa kwenye mapinduzi, mafuta yalipanda tena, foleni zilirudi vituoni. Mwaka huo Pontiac iliuza Firebird Trans Am zaidi ya 117,000, rekodi yake ya wakati wote, gari la V8 ya cc 6,600, ndege mkubwa amechorwa juu ya boneti. Farasi walikuwa 220 kwa mwenye bahati, 185 kwa wengi. Kiu ya wanunuzi ilikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni injini ambayo sheria na bima vingeiruhusu kuwa na nguvu.

Injini hizo zilirudi kompyuta zilipochukua kazi ya kabureta, na kufikia 2015 Dodge Challenger Hellcat iliuzwa na farasi 707 wa kipimo cha kweli, huku ikipita vipimo vya hewa ambavyo hakuna gari la 1970 lingevikaribia. Hata hiyo ikafikia ukomo Desemba 2023 kwenye kiwanda cha Brampton, kilichoko Kanada, na Camaro ikasimama majira hayohayo. Pontiac yenyewe ilishafungwa 2010. Kati ya majina hayo, lililobaki sokoni na V8 ni Mustang.

Kwa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam, Mustang ndiyo pekee ya ukoo huu yenye njia nyepesi ya kufika barabarani kwake, na sababu ni ya kikanuni vilevile: kuanzia modeli ya 2015 Ford waliiunda na usukani wa kulia kiwandani, kwa mara ya kwanza katika historia yake, na Kenya haisajili usukani wa kushoto ila kwa vibali maalumu. Ukikutana nayo inauzwa, usinunue kwa ngurumo ya video. Baadhi zina injini ya cc 2,300 ya silinda nne na tabo, farasi 310. Hao ni wengi kuliko farasi wa LT-1 ya 1972, na wanakunywa kidogo kuliko yeye. Lakini kama ulikuwa unaitaka V8, fungua boneti kwanza uhesabu silinda.